Laktulosi kwa mwenye sirosisi: dawa nzuri inayotumiwa vibaya

Madukani chupa hii inajulikana kama dawa ya kulainisha choo, ndiyo maana inadharauliwa. Kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, kazi yake ni nyengine kabisa. Ini hilo haliwezi tena kusafisha amonia, sumu inayotoka utumboni. Ikipanda kichwani, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku na huchanganya maneno. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vinapepea kama vya mtu anayeaga. Laktulosi hufika utumbo mpana bila kusagwa, bakteria huichachua ikawa asidi, na asidi hiyo huinasa amonia ikatoka na choo. Sanamaki haifai kushika nafasi yake: inaendesha tu.

Chupa nyingi zina gramu 10 katika mililita 15. Daktari kwa kawaida huanzia mililita 15 hadi 30 mara 2 kwa siku, kisha kipimo hufuata choo: kinachotakiwa ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wengine huiacha mgonjwa akishachangamka, amonia ikarudi. Wengine humiminia mpaka anaharisha maji matupu. Mwili unakauka, na kichwa kinavurugika vile vile. Choo kikizidi, punguza, usikate. Pimia kwa kikombe kilichokuja na chupa, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Kasoro yake ni utamu unaokinaisha, na gesi siku za mwanzo. Kuichanganya na maji au maji ya machungwa kunasaidia. Ina sukari kidogo, kwa hiyo mwenye kisukari amwambie daktari. Isiwekwe juani: rangi ikikoza kidogo si neno, ikiwa nyeusi na imechafuka, itupwe.

Haikaushi maji yanayojaa tumboni kwa ugonjwa huu, tusiidai hilo. Kwa hayo, ng'onda na papa wa chumvi ndio wa kuachwa. Samaki asiyetiwa chumvi, aliyepikwa, mgonjwa asinyimwe hata kidogo, kwani hujenga misuli, na misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na mgonjwa aliyekonda huchanganyikiwa upesi zaidi.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akishikwa na homa au ukimwita haamki, usikae ukamwongezea dawa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.