TAHADHARI: dawa ya sopisi ya kwenye chupa, soko la Kadutu

Ndugu zangu wa Bukavu, hasa ninyi vijana mnaoona haya kwenda kupimwa: kuna mtu anazunguka na begi jeusi sokoni Kadutu, anauza chupa za maji zilizojaa dawa ya rangi ya chai. Anasema inaponya kisonono, hii tunayoita sopisi, kwa siku tatu. Msinunue. Mimi nilimpa franga 15,000.

Siku ya nne usaha ulipungua, mkojo ukaacha kuunguza, nikamshukuru Mungu. Baada ya wiki mbili vyote vikarudi, na korodani moja ikavimba hata kupanda mlima wa kwetu nikashindwa. Nilipomimina dawa iliyobaki kwenye sahani, chini nikakuta vipande vya maganda ya kapsuli, vyekundu na vya njano. Muuguzi alivitambua palepale: tetrasiklini, zile zinazouzwa mojamoja barabarani. Vijidudu vya kisonono vimeizoea dawa hiyo tangu zamani. Inavituliza tu, navyo vinaendelea kupanda ndani.

Pesa nimeisamehe. Kinachoniuma ni neno alilonong'ona akinipa chupa: "Usimwambie bibi yako, hii ni ya wanaume." Nikamsikiliza! Kumbe mwanamke anaweza kubeba kisonono bila maumivu wala uchafu wowote, na bibi yangu ana mimba ya miezi saba. Mtoto akizaliwa kabla mama hajatibiwa, ugonjwa unaweza kumwingia machoni hata akapofuka. Jioni nilipomweleza, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akafunga kitenge, akasema, "Kesho twende wote."

Tulitibiwa siku moja. Kila mmoja alipigwa sindano ya seftriaksoni, yeye akapewa na azitromisini kwa sababu klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, hupenda kuja pamoja na kisonono. Mimi nikapewa doksisiklini ya siku kumi kwa ajili ya korodani. Tukapimwa pia kaswende na virusi vya ukimwi. Tukakatazwa kukutana kimwili mpaka dawa ziishe na dalili zitoweke kabisa.

Yule mtu bado yupo. Juzi nimemwona na chupa zilezile, akizungukwa na vijana wanne, mmoja akihesabu noti. Kama umeshakunywa dawa yake, hata kama unajisikia umepona, nenda kituo cha afya. Beba chupa uwaonyeshe, na uende na mwenzako.