Sanduku la kuzalishia nyenje: miezi minane nikimlishia kinyonga wangu

Kilichonifanya ninunue sanduku hili ni taya. Zumaridi, kinyonga wangu jike wa Yemen, aina ile yenye kishungi kirefu kichwani, alianza kukosa shabaha. Ulimi unatoka, unamgusa nyenje, nyenje anabaki palepale. Siku ya tatu nikamtazama kwa karibu, nikaona taya la chini halifungi sawasawa na mguu mmoja wa mbele umepinda. Daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei akaniambia mifupa imeanza kulainika. Kisha akaniuliza maswali mawili tu. Taa ya UVB ina muda gani? Na hao nyenje unaomlisha, wao wenyewe wanakula nini?

Taa ilikuwa na mwaka na nusu. Kwa macho ilikuwa bado inawaka vizuri, kumbe mionzi ya UVB, yaani mionzi ya urujuanimno kama ya jua ambayo macho hayaioni, hufifia zamani kabla ya mwanga tunaouona. Bila mionzi hiyo ngozi yake haitengenezi vitamini D3 ya kutosha, na bila D3 kalsiamu anayokula haimfaidii. Niliibadilisha siku hiyohiyo. Swali la pili sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nanunua nyenje wa vikopo waliokaa siku kadhaa na kipande cha kiazi kilichokauka, nawamwaga kizimbani jioni ileile. Matumbo yao yalikuwa hayana kitu. Kwa hiyo na yeye alikuwa anakula, lakini hapati kitu.

Jina la mtengenezaji wa sanduku naliacha, maana kasoro nitakayoieleza nimeiona kwenye masanduku mengine pia. Ndani ya boksi nilikuta sanduku la plastiki angavu, mfuniko wenye vitundu, trei za mayai za karatasi, vibakuli viwili vya kutagia, mfuko wa unga wa makumbi ya nazi, pakiti ya chakula, jeli ya maji na pedi ya joto yenye themostati ya kudhibiti joto lake. Jeli ni kitu cha maana kuliko kinavyoonekana, kwa sababu nyenje huzama hata kwenye maji yanayojaa kifuniko cha chupa. Nyenje 200 wa kuanzia walifika wiki moja baadaye, karibu wote hai. Upande wa usafirishaji sina neno.

Mfuniko ndio ulioniumiza. Asubuhi ya siku ya tisa nilifungua sanduku, harufu ya amonia ikanipiga hadi macho yakatoa machozi. Matone yalikuwa yamejipanga upande wa ndani wa mfuniko, trei za chini zimelowa na kulainika, na nyenje wamelala chali juu yake. Zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Nilifuata kijitabu neno kwa neno, na kijitabu kilisema nyunyiza maji kila siku. Huo ni ushauri mbaya. Nyenje wanataka pakavu na hewa inayopita. Kinachotaka unyevu ni mayai yao. Niliwaandikia wauzaji, wakajibu baada ya siku nne kwa upole, wakanitumia pakiti nyingine ya jeli. Mimi nilikuwa nahitaji mfuniko.

Nilijikatia mwenyewe dirisha la mraba katikati ya mfuniko, nikalibandika wavu mwembamba wa chuma. Lazima uwe wa chuma, wa plastiki wanautafuna usiku mmoja. Kunyunyiza nikaacha kabisa. Tangu hapo sijasikia tena ile harufu.

Baada ya hapo sanduku lilifanya kazi yake vizuri sana. Madume huimba, majike utawatambua kwa ule mrija mrefu kama sindano nyuma yao. Siku moja nilimwona jike akisimama juu ya kibakuli, akauchomeka mrija wote ndani ya unga wa makumbi, akatulia, akauchomoa, akasogea hatua moja na kuchomeka tena. Baada ya siku tatu nilikitoa kibakuli nikakiweka pembeni kwenye joto la nyuzi 29, unga ukiwa na unyevu bila kulowa. Siku ya 12 nilifunua nikadhani unga wenyewe unatembea. Walikuwa watoto wa nyenje, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ufuta, na antena tayari zimesimama. Kama wiki saba baadaye walikuwa wakubwa. Pedi inastahili sifa, ingawa themostati inasoma nyuzi mbili juu zaidi ya kipimajoto changu.

Pakiti ya chakula inawatosha nyenje kuishi. Kumlisha kinyonga ni jambo jingine. Siku moja kabla ya mlo nawatenga kwenye kopo na majani mabichi, karoti na boga, washibe ndipo waliwe. Hata hivyo nyenje kwa asili yake ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwa hiyo nawatikisa pia kwenye unga wa kalsiamu kila mlo, na wenye D3 mara mbili kwa mwezi. Nachagua asiyezidi upana wa nafasi iliyopo kati ya macho ya Zumaridi. Anayebaki namtoa kabla ya giza, maana nyenje mwenye njaa humng'ata kinyonga aliyelala.

Kuna hatari moja ambayo kijitabu hakikuitaja, nami naitaja kwa uchungu. Nyenje wakiwa tele, mkono unakuwa mwepesi. Nilikuwa nampa kila siku, nikifurahi kumwona akila. Mwezi wa nne alishuka chini, akachimba, akataga mayai 58, na hajawahi kukaa na dume. Majike wa aina hii hutaga hivyohivyo bila dume, na ukiwalisha kupita kiasi mayai huongezeka, na kalsiamu ya kuyatengeneza hutoka kwenye mifupa ileile niliyokuwa naihangaikia. Sasa anakula nyenje watatu au wanne, siku moja anakula, siku inayofuata hapati.

Ningelinunua tena? Ndiyo, ila dirisha la mfuniko ningelikata kabla nyenje hawajafika. Kama unafuga kinyonga mmoja na huna nafasi ya kelele za madume usiku kucha, endelea kununua wa vikopo, lakini uwashibishe kwanza. Picha ya pili ya daktari ilionyesha mifupa imekaza. Mguu uliopinda utabaki umepinda.

Jana asubuhi nilimwekea nyenje mmoja kwenye tawi la mbele. Jicho moja likamwona, la pili likageuka taratibu kulifuata. Akaegemea mbele, akashika tawi kwa mkia, ulimi ukatoka na kurudi kabla sijapepesa, na taya likafunga.