Uzoefu wangu: swichi ya mtandao inayojua PTP imeniondolea ile "tik" hewani

Mi ni fundi wa sauti kwenye studio ndogo ya redio hapa Mwanza, na mtandao nao uko juu yangu. Mwaka jana tuliachana na makebo ya analogi, sauti yote ikahamia Etheneti kwa AES67 (kiwango cha kupitisha sauti kwenye mtandao). Siku mbili tu hewani ikaanza "tik"... mtangazaji anasoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku, katikati ya sentensi tik. Inauma sana kusikia kazi yako inaharibika na watu wote wanasikia.

Nikabadilisha kebo, maiki, hadi umeme nikautafutia laini yake. Wapi! Kumbe shida ni saa. AES67 inataka vifaa vyote vifuate saa moja kwa PTP (njia ya kulinganisha saa za vifaa kupitia mtandao), yaani IEEE 1588 toleo la 2008, na kwa 48 kHz, sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, sampuli moja ni kama maikrosekunde 21 tu, kifaa kimoja kikikimbia na kingine kikizubaa bafa (pale sauti inaposubiri kidogo) inajaa au inakauka, ndo hiyo tik. NTP, ile inayoweka saa za kompyuta za ofisini, inacheza kwenye milisekunde, huku haigusi.

Swichi ya kwanza ilikua ya bei poa (jina nabaki nalo), inapitisha pakiti za PTP kama pakiti nyingine yoyote, ikikuta foleni inasubiri na hamna anayejua imesubiri kiasi gani. Sasa PTP inapima safari ya kwenda na kurudi afu inagawa kwa mbili, kwahiyo upande mmoja ukichelewa kuliko mwingine, nusu ya hiyo tofauti inaingia kwenye saa yako kama kosa. Na ile setingi ya kuokoa umeme, EEE, ilikua imewashwa: poti ikikosa kazi inasinzia, na kwa giga moja kuamka kunakula maikrosekunde 16 na nusu, karibu sampuli nzima jamani! Nilivyoizima tu tik zikapungua zaidi ya nusu bila kutoa hata mia. Anzieni hapo.

Zilizobaki ndo zikanifanya ninunue swichi yenye hali ya TC (transparent clock). Hii inagonga muhuri wa saa poti kwenye poti, afu inaandika kwenye pakiti "nimekaa humu ndani muda huu", anayepokea anautoa. Kupima nilitumia kompyuta yenye kadi ya Intel i210, ina saa yake kwenye kadi, pamoja na programu ya bure ya linuxptp. Unaandika ptp4l -i enp1s0 -s -m (enp1s0 ni jina la kadi), ikishamshika saa mkuu, ile inayofuatwa na wengine wote, inamwaga mistari ya rms, yaani wastani wa kosa la saa. Swichi ya zamani mchana watu wakikopi mafaili namba ilikua inaruka hadi 9000 na kitu, hii mpya 30, 40, saa nyingine 28, na hizo ni nanosekunde. Nilisimama mbele ya reki mpaka chai ikapoa, siamini.

Bei ni kama mara nne ya ile ya kwanza, na feni inavuma, nikaihamishia chumba cha sava. Ilikuja imewekwa P2P (kila kifaa kinapima ucheleweshaji na jirani yake) wakati vifaa vyangu ni E2E (kinapima hadi kwa saa mkuu), ikanila nusu siku nzima saa hazishikani, angalieni hiyo kabla hamjalaumu kebo.

Na mwenye antena ya GPS kwenye saa mkuu kama sisi asikie hii: PTP inahesabu TAI (saa ya atomiki isiyoongezwa sekunde za marekebisho), na tangu 2017 TAI iko mbele ya UTC, saa ya kawaida ya dunia, kwa sekunde 37. Nilipoivusha saa ya kadi kwenda kwenye kompyuta ya matangazo bila kulijua hilo, jingo ya taarifa ya habari ikapiga sekunde 37 kabla ya saa mbili, wimbo haujaisha. Dawa ni phc2sys -s enp1s0 -w (nayo imo kwenye linuxptp), hiyo -w inaisubiri ptp4l na kuchukua tofauti yenyewe. Tangu hapo jingo inaingia saa mbili kamili, na ni miezi minane sasa sijasikia tik.