Ngazi ya faibaglasi ya futi 24: kwa umeme sawa, kwa gesi usidanganywe

Nimeinunua katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini. Faibaglasi ya njano, ya kuvuta kwa kamba, vipande viwili vya futi 12. Laki saba na nusu baada ya kupatana sana. Ya alumini ya urefu huohuo ningeondoka nayo kwa chini ya nusu ya hapo. Mimi ni fundi umeme. Kazi zangu ni maghala ya korosho, nyumba za Shangani na Mikindani, na mara mojamoja saiti za upande wa Madimba na Msimbati kwenye mambo ya gesi. Naipima kwa kazi hizo. Anayetaka ngazi ya kuangulia madafu pesa hii ni ya kutupa.

Kilichonifanya nitoe hela ni waya. Nyumba nyingi za kwetu, waya wa kuingiza umeme unapita kwenye pembe ya bati, palepale fundi anapotaka kuegemeza. Alumini inapitisha umeme, hilo kila mtu analijua. Ngazi za mirunda watu wanaziamini kwa kuwa ni mti, lakini mti uliolowa mvua, tena uliofungwafungwa kwa waya wa kufungia nondo, hauna kinga yoyote. Faibaglasi haipitishi ikiwa kavu na safi. Ukiilaza nje Shangani inashika chumvi ya bahari, na ukiipandisha na umande wa asubuhi umeshapoteza kile ulichokilipia. Yangu naiosha kwa maji na sabuni, naianika kivulini. Jua nalo linaila: baada ya muda gamba la juu linachakaa na nyuzi zinatokeza, zinachoma viganja kama upupu. Wengine hupaka rangi ipendeze. Usipake, rangi inaficha ufa. Na kwa laini za kilovolti 11 na 33 sahau habari ya ngazi. Kaa mbali, au TANESCO wazime kwanza.

Lebo inasema futi 24 na inasema kweli nusu. Vipande viwili lazima vilaliane futi 3, kwa hiyo inayobaki ni 21, yaani mita 6.4. Ukiilaza inavyotakiwa, mguu mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kupanda, kisha ukaacha kama mita moja izidi ukingo wa paa ili upate pa kushika unaposhuka, unafikia paa la mita tano na kidogo. Kwa nyumba ya chini inatosha na kubaki. Kwa paa la ghala la korosho haitoshi, na hapo ndipo vijana husimama kipago cha mwisho na kunyoosha mkono. Ukiona inabidi hivyo, tafuta jukwaa.

Lebo inataja pia kilo 136. Hesabu hiyo ni wewe, viatu, mkanda wa vifaa na drili, vyote pamoja. Msaidizi wangu ni mtu wa miraba minne, kwa hiyo begi la vifaa linabaki chini na kuvutwa kwa kamba akishatulia juu, jambo ambalo pia linamwachia mikono yote miwili ya kupandia.

Sasa gesi. Muuzaji aliniambia, "Mjomba, hii hata kwenye gesi unaingia nayo, haitoi cheche." Anauza, simlaumu, ila si kweli. Geuza ngazi uitazame: nguzo mbili za pembeni ni faibaglasi, lakini vipago vyote ni alumini. Alumini ikigongwa kwa nguvu kwenye chuma chenye kutu inaweza kutoa cheche kali za kutosha kuwasha gesi, na pwani hii chuma gani hakina kutu? Faibaglasi yenyewe, ukiisugua kwa kitambaa kikavu, inabeba umeme tuli na haina njia ya kuushusha ardhini. Halafu gesi asilia kama hii ya Mnazi Bay ni nyepesi kuliko hewa. Inapanda na kujikusanya chini ya paa, kulekule ngazi inakokupeleka, na ikifika kama asilimia 5 ya hewa inawaka. Ile ya mitungi ya kupikia hulala chini, kwenye mitaro na mashimo. Kwenye saiti moja msimamizi alipima sakafuni, akapima usawa wa kifua, akapandisha mpira wa kifaa chake hadi darini, ndipo akasaini kibali. Tulimwona anachelewesha kazi, lakini alikuwa sahihi kuliko lebo yoyote ya dukani. Sheria ya usalama mahali pa kazi ya 2003 inamdai mwajiri mambo haya, na kwa fundi anayejiajiri kama mimi mwajiri ndiye huyohuyo aliye juu ya ngazi.

Kufuli za kushikia vipago ni nzuri, zinalia "ka!" zikikaa, na kapi linateleza bila kukwama. Uzito wake unachosha. Mtu mmoja kuisimamisha wakati kusi inavuma ni kujitafutia balaa, na juu lazima ifungwe.

Aibu yake ni miguu. Raba ni nyembamba na ngumu. Kwenye sakafu ya ghala yenye vumbi la korosho inateleza, nami huifagia kwanza na kumweka mtu chini. Mguu unageuka ukawa meno ya kuchoma ardhini, lakini kwa mchanga wetu wa Mtwara upande mmoja unazama kabla ya mwingine, hivyo natembea na ubao mpana wa kulalia miguu yote miwili, nimeupigilia kipande cha mbao nyuma isirudi.

Kwa fundi umeme naipa nyota nne kati ya tano. Anayejua duka la Mtwara au Lindi linalouza raba za miguu peke yake, zile nene, aniandikie hapo chini. Nilikonunua wanasema mpaka ninunue ngazi nyingine.