Baldur's Gate 3 upande wa mabandi: uzoefu wangu

Tulipokuwa watoto pale mtaani Katuba, filimu yoyote ilikuwa na watu wawili wa maana: akta na bandi. Akta hafi. Bandi anakufa dakika tano kabla ya mwisho, na chumba kizima kinapiga makofi. Mimi sikuwa napiga. Nilikuwa nasikitikia koti lake zuri linavyoharibika kwa damu. Sasa nina kazi, nina kodi ya nyumba hapa Lubumbashi, na ugonjwa ni uleule: nimekaa zaidi ya saa 200 kwenye gemu ya Baldur's Gate 3 kwa ajili ya mabandi wawili, Enver Gortash na mhusika anayeitwa Dark Urge. Mashabiki wao wameyashona majina hayo mawili likawa moja, Durgetash. Nitafichua mambo mengi, kwa hiyo asiyecheza na anayependa kushtukizwa aishie hapa.

Kwanza kuipata. Gemu imetengenezwa na Larian Studios, Wabelgiji wa mji wa Gent, ikatoka kwenye kompyuta Agosti 2023 na mwisho wa mwaka ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka. Inaomba nafasi ya giga 150. Kwa mega za simu, giga 150 ni mshahara. Binamu yangu anafanya kazi Kolwezi, mahali penye intaneti nzuri, akanishushia usiku usiku, akaniletea kwenye diski ya nje kwa basi. Diski hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliinunua mjini, imeandikwa tera 1, na baada ya kumeza giga 60 ikaanza kutapika mafaili yaliyooza. Muuzaji aliniambia kompyuta yangu ndiyo mgonjwa.

Sauti ni za Kiingereza tu, ila maandishi yanapatikana kwa Kifaransa, na ndivyo nilivyocheza. Laptop yangu ni ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika. Sehemu mbili za kwanza ilizimudu, lakini ukifika ndani ya mji wenyewe wa Baldur's Gate, watu ni wengi barabarani na mashine inapumua kama lori la shaba linalopanda mlima. Teremsha ubora wa picha mapema, usijifanye tajiri.

Turudi kwa mabandi wangu. Dark Urge unamchagua mwenyewe mwanzoni. Asipobadilishwa ni mtu-joka mweupe. Hakumbuki chochote. Kichwani ana kiu ya kuua tu, na usiku mmoja kambini unaamka unakuta umemuua Alfira, msichana mwimbaji aliyekuja kuomba asafiri nanyi. Gemu haikuulizi kama unataka. Polepole unajua kwamba baba yako ni Bhaal, mungu wa mauaji, na kwamba balaa lote unalohangaika kulizuia ulilipanga wewe. Na hukulipanga peke yako. Uliketi meza moja na Gortash, mteule wa Bane, mungu wa udhalimu, mkaiba pamoja taji la Karsus, taji la kichawi la kutawalia ubongo mkubwa unaotishia mji, kutoka hazina ya shetani mkuu Mephistopheles huko jehanamu. Kisha Orin, ndugu yako wa damu, akakuvunja kichwa na kuchukua kiti chako.

Sasa fikiri: wewe umesahau yote hayo, yeye anakumbuka yote.

Hapo ndipo nilipokamatwa. Unaingia ngome ya Wyrm's Rock siku anatawazwa kuwa mkuu wa mji. Wakubwa wamejipanga, walinzi wa chuma wamesimama, na yeye amevaa lile koti lake jeusi lenye dhahabu. Ukiwa mhusika mwingine, anakupokea kama mfanyabiashara anayempokea mteja. Ukiwa Dark Urge, uso wake unabadilika. Anakuongelesha kama mtu uliyelala naye njaa zamani na leo umerudi hujui hata jina lake. Jason Isaacs, aliyempa sauti, hapandishi sauti hata kidogo. Anapima maneno kama dukani anapopima mtu dhahabu.

Nilikuwa nimesogeza kiti hadi pua inakaribia kugusa kioo. Kurant, umeme wetu, ikakatika.

Betri ya laptop yangu ilikufa tangu enzi za mwenyewe wa kwanza. Nilikaa gizani nikisikia jenereta za majirani zikiwaka moja moja, na hifadhi yangu ya mwisho ilikuwa kabla ya daraja la kuingilia ngomeni, saa nzima nyuma. Wewe unayesoma ukiwa mji wenye umeme wa mashaka: bonyeza F5 uhifadhi gemu kila unapokaribia mlango. Kila mlango. Umeme uliporudi saa nane za usiku niliicheza ile saa upya, na ajabu ni kwamba mara ya pili mazungumzo yalinichoma zaidi, kwa sababu safari hii na mimi nilikuwa nakumbuka.

Watu hudhani mashabiki wa jozi hii tumeona mapenzi yao kwenye gemu. Hatujaona. Gortash hayumo kati ya wale unaoweza kuwatongoza. Unachopewa ni makombo: lile neno pale ukumbini, sala ya toba ambayo Dark Urge alimwandikia baba yake na jina la Gortash limo ndani, habari za wizi wa taji unaosimuliwa nusu nusu. Mengine unapika mwenyewe. Ndiyo maana michoro na hadithi za mashabiki ni nyingi kuliko dakika ambazo yule bwana anaonekana. Larian wangetupa busu moja, nadhani tungeshiba na kwenda zetu.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alikuwa akipita na sahani ya bukari, ugali wetu, akasimama kusikiliza. "Huyu muntu eko mubaya," akasema, "lakini anajua kusema." Hakuondoka hadi chakula kikapoa. Mama naye aliniona siku nyingine macho mekundu. "Eh weye, unalia juu ya mwizi?"

Swali la mama lina haki yake. Gortash alizaliwa mtoto wa washona viatu. Wazazi wake walimuuza akiwa mdogo, akaishia kwenye nyumba ya shetani Raphael. Duka la wazazi bado lipo mjini, ingia ukaongee nao, utatoka mikono ikikuwasha. Hadi hapo unamhurumia. Halafu unakumbuka Karlach, msichana aliyekuwa mlinzi wake na kumwamini. Alimuuza kwa Zariel, mtawala wa mashetani huko jehanamu, wakamtoa moyo, wakamwekea injini ya moto inayomuua taratibu. Aliyeuzwa naye akauza. Sisi tulio kwenye mji wa kununua na kuuza tunamjua mtu wa namna hiyo, yule anayecheka nawe asubuhi na jioni amekwisha kukuandika kwenye karatasi ya mwenzake. Kwa hiyo sitetei. Mara ya pili nilicheza na Karlach kundini na nikamuua Gortash kwa ajili yake. Yule binti baada ya kisasi hakufurahi hata kidogo. Alilia kwa hasira kwamba bado atakufa. Nilizima mashine, sikugusa kwa wiki moja. Kisha nikaanza ya tatu, upande wa mabandi tena.

Nyota moja naizuia, na sababu ni hii. Ukikubali muungano wake na ukamwua Orin kama mlivyopatana, unategemea mwisho wenye uzito. Mnakwenda pamoja kwenye ule ubongo mkubwa, na ubongo unamfagia kama nzi. Umemaliza mwaka unamfuata mtu, anakufa bila hata kuachiwa nafasi ya kukuaga. Sasisho la saba, Septemba 2024, liliongeza miisho mipya ya wabaya, na wa Dark Urge unatisha kweli, lakini kiti cha pembeni bado ni kitupu. Walinzi wake wa chuma wamepewa kiwanda kizima, yeye amepewa ukumbi na mlango.

Nyota 4 kati ya 5. Anza na Dark Urge hata kama watu wanakushauri umngoje hadi utakapocheza mara ya pili. Bila yeye, Gortash ni bandi wa kawaida mwenye nguo nzuri.

Mwezi uliopita nilipeleka picha ya kutawazwa kwake kwa vijana wanaochapisha kaliko, yale mabango ya kitambaa, za makanisa na za vilio vya misiba. Kijana aliifungua kwenye kioo chake, akaikuza, akalitazama lile koti na zile dhahabu, akaniuliza kwa heshima zote: "Huyu ni pasta wa kanisa gani? Tuandike na tarehe ya krusadi?" Nilisema hapana, picha tu. Bado ananitazama kwa mashaka nikipita.

Kaliko ipo ukutani chumbani kwangu. Jumapili shangazi alikuja kututembelea baada ya ibada, akachungulia, akauliza yule mzungu ni nani. Mama hata hakugeuka kutoka kwenye sufuria yake. "Rafiki ya mutoto," akasema. "Anaishi Ubelgiji."