Kundi la kiwanja kimoja au la nchi nzima?

Rubani mgeni Dar es Salaam akiuliza ajiunge na kundi lipi la WhatsApp, la marubani wa Uwanja wa Julius Nyerere au la nchi nzima, namwambia aanze na la hapa nyumbani.

Sababu kubwa ni upepo. Njia yetu kuu ya kurukia, 05/23 (namba za ncha zake mbili), ina urefu wa mita 3,000 na inaelekea kaskazini mashariki. Kaskazi ikivuma, unatua ukiukabili upepo karibu moja kwa moja. Kusi ikiingia, upepo unakupiga ubavuni, na kwenye ndege ndogo kama Cessna hilo si jambo la kupuuza. Aliyetua dakika kumi zilizopita akiandika, "Upepo wa pembeni mkali, mwewe wengi upande wa 23," ameshakusaidia. Tena mtu huyo unamfahamu. Jioni mtakaa mnywe chai akueleze vizuri.

Kundi la nchi nzima lina nafasi yake. Ukienda Mtwara au Mwanza kwa mara ya kwanza, utampata aliyetoka huko asubuhi. Nafasi za kazi pia hutangazwa zaidi huko. Ila ujumbe muhimu humezwa na salamu na picha za mawingu, na wengi hujibu kuhusu viwanja ambavyo hawajatua kwa miaka.

Kote kuwili, NOTAM (matangazo rasmi ya tahadhari kwa marubani) na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisomwe kwanza. Mwanafunzi anayekusanya saa zake za kuruka hapa Dar, kundi la kiwanja linamtosha kabisa.