Daftari la malengo ya mwaka: ndoto za mbele zirukeni, kurasa za wiki ndo mpango mzima

Wadau, msimu wa malengo ndo huu na kila mtu anauliza anunue daftari gani la mipango, basi mi niongelee hili la kava gumu, lastiki ya kufungia na tepe mbili za kuwekea alama. Jina silitaji, maana mengi yaliyoko sokoni yamepangwa hivi hivi, ukilifungua lako ukakuta mpangilio huu jua ndo hilo hilo tunaloongelea.

Tuanze na mbele, sehemu wanayoipiga picha za matangazo. Kurasa karibu thelathini za mwanzo ni ndoto tupu: mwandikie barua wewe wa miaka kumi ijayo, paka rangi gurudumu la maisha, bandika picha za unavyovitamani, chagua neno lako la mwaka. Karatasi nene, rangi zimetulia, hapo sina neno. Ila kazi yake ni ndogo sana aisee, unamaliza kujaza unajisikia raha kweli, kama lengo lishatimia nusu, kumbe hujapanga kitu hata kimoja. Halafu wamekupa nafasi ya malengo kumi ya mwaka, kumi! Mtu ana kazi, ana familia, ana usingizi wa kulala, malengo kumi atayaweka wapi? Jaza matatu, mengine piga mstari.

Na kwenye utangulizi wamechapisha ile stori maarufu, eti wahitimu wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, wa mwaka 1953, wale asilimia 3 waliokuwa wameandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuzidi wale asilimia 97 wengine wote kwa pamoja. Jamani, utafiti huo haujawahi kufanyika. Watu waliufuatilia mpaka Yale kwenyewe na hamna kitu, ila kila msimu unachapishwa upya na kila mhamasishaji anaupandisha nao jukwaani. Mi daftari linaloanza kwa kunidanganya huwa nalirudisha shelfuni hapo hapo, hili limeponea kwenye kurasa za wiki.

Sasa hapo kwenye wiki, aliyepanga alijua anachofanya. Upande wa kushoto siku saba, za kawaida tu. Upande wa kulia juu kuna kiboksi cha mistari mitatu: Nitafanya nini. Lini na wapi. Nikikwamishwa na … nita… Basi, hamna kingine. Lakini ukiandika "kujifunza Kifaransa" kwenye mstari wa kwanza, ule wa pili unakubana, maana una kialama cha saa na kialama cha mahali na kila kimoja kina nafasi yake, huwezi kuandika "nikipata muda". Inabidi useme jumanne na alhamisi, nikishaosha vyombo vya usiku, pale mezani, simu ikiwa chumba kingine. Akiba hivyo hivyo, "nitaweka akiba" haitoshi, unaandika siku mshahara unapoingia, kabla sijalipa chochote, nahamisha kiasi hiki. Mstari wa tatu ndo mtamu kuliko yote sababu unalazimika kumtaja adui yako kwa jina: uchovu, wageni, mvua, mechi. Mvua ikinyesha naruka kamba ndani. Wageni wakija nasoma asubuhi yake kabla sijashika simu. Ukifika kwenye tukio lenyewe hauna cha kujadiliana na nafsi, ulishaamua jumapili ulipokuwa unajaza wiki yako.

Na hili sio pambo la mbuni wa kurasa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alishaandika mwaka 1999 kwamba mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya vile" unamsaidia mtu kutimiza kuliko nia peke yake. Kuna utafiti mwingine wa 2002 kuhusu mazoezi ambao mi naupenda sana kwa jinsi ulivyo wazi: waliopewa maelezo ya kuwahamasisha, waliofanya mazoezi wiki iliyofuata walikuwa 35%, ambao hawakupewa hamasa yoyote 38%, yaani ngoma droo. Waliopewa hamasa ile ile lakini wakaandika na siku, saa na mahali? 91%. Halafu mtengenezaji wetu anatoa kurasa thelathini kwa hamasa na kiboksi kidogo kulia juu kwa lini na wapi. Sijui niseme nini.

Kinachokera zaidi ni jedwali la tabia. Viboksi 21, na chini maandishi madogo yanasema ukiruka siku moja anza upya kuhesabu. Hii imani kwamba tabia mpya inajengeka kwa siku 21 chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau kama siku 21 kuizoea sura mpya. Kuizoea sura! Neno "angalau" likadondoka njiani, tukabakiwa na 21. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, utafiti wa 2010 huo, wastani ulikuja siku 66, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia 18 mpaka 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo ile sheria ya kuanza upya inamkatisha mtu tamaa bure, anaumwa siku moja anaona kila kitu kimevunjika anafunga daftari mpaka mwaka mwingine. Ushauri wangu, ile sheria ifute kwa kalamu, viboksi vikiisha endelea na jedwali la mwezi unaofuata kama hamna kilichotokea.

Ukurasa wa miezi mitatu upo vizuri kimya kimya. Una safu mbili, "nadhani itachukua" na "ilichukua", na ukiijaza kwa ukweli safu ya pili itakuaibisha, sababu karibu kila binadamu anakadiria muda mfupi kuliko kazi ilivyo, wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliliandikia hilo tangu 1979. Robo ya pili unapanga ukiangalia ulichotumia kweli, sio ulichotamani.

Tarehe hazijachapishwa, unajaza mwenyewe, na mi naona ni faida kubwa. Hamu ya kuanza upya haiji januari peke yake, inakuja pia mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi, baada ya birthday, kwa hiyo aliyepotea machi anarudi jumatatu yoyote na hakuna kurasa tupu za kumsuta.

Karatasi za ndani ni nyepesi kuliko zile za mwanzo (wamejua wapi pa kutupiga), kalamu ya jeli inatokeza upande wa pili, makapeni ndo kabisa usithubutu. Tumia bolpeni au penseli. Lastiki inalegea mapema, tepe zinachambuka kwenye ncha, zichome kidogo kwa kiberiti zitatulia.

Nalipatia daftari hili nyota tatu na nusu, zote za kurasa za wiki na ule wa miezi mitatu. Kama unaweza kuchora mistari mitatu kwenye daftari la kawaida kila jumapili huna haja ya kulinunua. Kama wewe ni wa kusahau kuchora, nunua, anzia moja kwa moja kwenye wiki ya kwanza, na zile za mbele wape watoto wapake rangi.